Mionzi ni Ile Ile, Uvimbe si Ule Ule



Juma hili safu yetu ya afya inajibu barua iliyotufikia kutoka Mraru, upande wa Voi. Aliyeiandika ni mama aliyewauguza jamaa zake wawili, dada yake na wifi yake, wote wakiwa wamepatwa na saratani ya mlango wa kizazi. Anasema hivi:

“Walitibiwa hospitali moja, kwa mashine moja, katika mwaka mmoja. Dada yangu leo yu mzima, analima na kuuza mboga. Wifi yangu uvimbe ulimrudia kabla ya mwaka kwisha. Watu wamesema mengi. Wako wanaosema ni jicho la hasidi. Wako wanaosema ni yeye mwenyewe, kwa kuwa alifiwa na mumewe katikati ya matibabu, akakaa ndani siku kumi na mbili kabla wazee hawajamruhusu kutoka, na baada ya hapo siku nyingine zikampita kwa kukosa nauli. Sasa binti yake ananiuliza, na mimi sina la kumjibu. Nielezeni, kwa nini dawa iwe moja na matokeo yawe mawili?”

Barua hii ina maswali mawili ndani yake. La kwanza ni la elimu: kwa nini mionzi ile ile humponya huyu na kumshinda yule? La pili ni zito zaidi, nalo ni la lawama: kosa ni la nani? Tutaanza na la kwanza, kwani jibu lake ndilo litakalotufungulia la pili.

MIONZI HUKATA, SELI HUAMUA

Watu wengi hudhani kwamba mionzi huuchoma uvimbe kama moto unavyochoma karatasi. Lau ingekuwa hivyo, kila uvimbe ungeteketea kwa kipimo kimoja. Hakika ya mambo ni nyingine.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli, na ndani ya kila seli mna nyuzi ndefu za DNA, ambazo ndizo daftari la maagizo yake yote. Mionzi inapopita hukata nyuzi hizo. Uzi wa DNA ni kama kamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa. Mkato wa uzi mmoja hutengenezwa upesi. Mkato wa nyuzi zote mbili mahali pamoja ndio wa hatari, kwa kuwa seli isipoutengeneza vyema hufa, na mara nyingi hufa pale inapojaribu kugawanyika.

Lakini mionzi hukata tu. Haiamui kwamba seli ife au iishi. Uamuzi huo hutolewa ndani ya seli yenyewe, na wanaoutoa ni protini. Neno hili tumelizoea jikoni, tunapotaja maharagwe, samaki na mayai. Ila ndani ya seli protini ni watendakazi wa kila namna, na kundi moja miongoni mwao kazi yake ni kupeleka habari. Protini moja huigusa ya pili, ya pili huiamsha ya tatu, mpaka ujumbe ufike pale penye daftari la DNA.

Tuchukue mfano wa mtaa. Nyumba ikishika moto usiku, yuko anayeona kwanza na kupiga mayowe. Yuko mzee wa mtaa anayefikiwa na mayowe hayo na kuamua la kufanya. Na wako vijana wanaobeba maji na kukarabati palipoharibika. Mtaa wenye watu hawa wote huokoka, na mtaa uliokosa mmoja wao huenda mambo yakawa mengine kabisa, ijapokuwa moto ulikuwa ule ule.

Mpiga mayowe wa seli ni protini iitwayo ATM. Uzi wa DNA ukikatika pande zote mbili, ndiyo inayotambua na kueneza habari. Umuhimu wake ulijulikana kwa njia ya huzuni. Wako watoto, wachache sana duniani, wanaozaliwa bila ATM inayofanya kazi. Miaka ya 1960 baadhi yao walipatwa na saratani wakatibiwa kwa kipimo cha kawaida cha mionzi, na miili yao ikaumia vibaya kupita ilivyotarajiwa. Jini yenyewe ilitambuliwa mwaka 1995. Hapo ndipo elimu ilipothibitisha jambo ambalo madaktari walikuwa wakiliona: pasipo na mpiga mayowe, kipimo ambacho mwingine hukistahimili huwa ni cha kuangamiza.

Mzee wa mtaa ni protini iitwayo p53. Iligunduliwa mwaka 1979, na mwaka 1992 mwanasayansi wa Uingereza, David Lane, akaiita mlinzi wa daftari la urithi. Inapopata habari ya mkato, p53 huisimamisha seli isigawanyike mpaka ukarabati umalizike. Ikiona uharibifu umepita kiasi, huiamuru seli ife kwa manufaa ya mwili mzima. Katika takriban nusu ya saratani zote za binadamu, jini ya mzee huyu imeharibika. Seli ya namna hiyo hukatwa na mionzi kama nyingine, lakini amri ya kufa haitoki.

MAADUI WALIOINGIA MTAANI

Saratani ya mlango wa kizazi ina habari yake ya pekee, na kila mama anafaa kuijua. Chanzo chake ni virusi vya HPV. Mjerumani Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuufichua ukweli huo. Aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii ulimwenguni. Virusi hivi haviiharibu jini ya p53. Hutengeneza protini yao wenyewe, iitwayo E6, ambayo huikamata p53 na kuipeleka ikavunjwe vunjwe. Mzee wa mtaa huzaliwa kila siku, na kila siku hutekwa nyara.

Tofauti hii si ndogo. Katika saratani ya koo, kwa mfano, imeonekana wazi kwamba uvimbe uliotokana na HPV huitii mionzi zaidi kuliko uvimbe uliotokana na tumbaku. Mojawapo ya sababu zinazotajwa na wataalamu ni kwamba katika ule wa virusi jini ya p53 bado ni nzima, na chembechembe ya uwezo wake imesalia, ilhali katika ule wa tumbaku jini yenyewe mara nyingi imekwisha kuharibika. Koo ni moja na maradhi yana jina moja, lakini ndani mna mitaa miwili isiyofanana.

Vivyo hivyo kwa wanawake wawili wenye saratani ya mlango wa kizazi. Uvimbe wa huyu waweza kuwa na mafundi hodari wa kukarabati DNA, na wa yule ukawa na mafundi dhaifu. Wa huyu waweza kuwa na protini ya kuchochea ukuaji iliyokwama katika hali ya kuwaka, mfano wa ile iitwayo RAS, ikawa inatuma amri ya “ishi, gawanyika” mchana na usiku bila ya kutumwa na yeyote. Daktari hutazama ukubwa wa uvimbe na umefika wapi, na hayo ndiyo mambo makubwa ya kutazamwa. Lakini uvimbe mbili zenye ukubwa mmoja zaweza kuwa na tabia mbili.

MLANGO UNAOPOKEA AMRI YA KUKUA

Sasa tufike kwenye protini inayohusiana moja kwa moja na siku zile kumi na mbili za barua yetu.

Juu ya ngozi ya seli mna protini zinazosimama kama mabawabu mlangoni. Bawabu mmoja huitwa EGFR. Kazi yake ni kupokea vichochezi vya ukuaji vinavyopita nje, na kupeleka habari ndani kwamba seli igawanyike. Kwa kugundua vichochezi hivyo, Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mtu akijikata kidole, ni mabawabu wa namna hii wanaosaidia ngozi kuota tena. Ni neema ya mwili. Lakini uvimbe mwingi, hasa wa kinywa, koo na mlango wa kizazi, huwa na mabawabu hawa kwa wingi kupita kiasi.

Ajabu iliyogunduliwa katika miaka ya 1990 ni kwamba mionzi yenyewe humwamsha EGFR. Seli za uvimbe zilizopigwa zikasalimika hupokea habari kana kwamba mwili umepata jeraha linalotaka kuzibwa. Bawabu huyo huchochea ukarabati wa DNA, kisha huchochea seli zilizobaki zigawanyike kwa kasi kuliko mwanzo. Mwaka 1988 wataalamu walionyesha, kwa uvimbe wa kichwa na shingo, kwamba baada ya takriban juma la nne la matibabu seli zilizosalia huanza kuongezeka mbio. Ni kama shamba lililopaliliwa nusu: magugu yaliyobaki hupata nafasi na jua, yakatamalaki.

Ndiyo sababu ya ratiba ile ambayo wengi huiona ni adha. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mama hupewa mionzi ya nje siku tano kwa juma, kwa muda wa majuma matano hivi, kisha hupewa mionzi ya ndani ambayo huwekwa karibu na uvimbe wenyewe. Hugawanywa vipande vidogo vidogo kwa hekima: seli njema zinajua kujitengeneza usiku mmoja kuliko seli za uvimbe, na kila kukicha seli nyingine za uvimbe huwa zimefika katika hali ya kugawanyika ambamo ni dhaifu zaidi. Lakini hekima hiyo husimama juu ya sharti moja, nalo ni kwamba kipande kimoja kifuate kingine bila ya pengo. Kanuni inayofuatwa na wataalamu ni kwamba matibabu yote, ya nje na ya ndani, yamalizike katika majuma manane. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali tangu miaka ya 1990 umeonyesha kwamba kila siku inayozidi hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa kati ya nusu asilimia na asilimia moja.

Siku moja haimwangamizi mtu, na hili tunalisema ili asiwepo wa kukata tamaa. Ila siku kumi na mbili, kisha nyingine za nauli, ni hesabu inayoweza kujumlika.

Wala pengo halitokani na mgonjwa peke yake. Majirani zetu wa Uganda walilionja jambo hili. Mwaka 2016, mashine ya hospitali ya Mulago, ambayo ndiyo iliyokuwa pekee katika nchi nzima, iliharibika pasi na kutengenezeka. Mpya ilianza kazi rasmi Januari 2018. Wagonjwa waliokuwa katikati ya matibabu walikatiwa njia, baadhi wakaletwa Nairobi. Uvimbe hauna habari kwamba mashine imeharibika, na bawabu wake mlangoni anaendelea kupokea amri.

HEWA NA DAMU

Yako mambo mawili mengine yanayobadilisha utiifu wa uvimbe kwa mionzi, na yote mawili yanapita katika nyumba zetu.

La kwanza ni hewa ya oksijeni. Mwaka 1953 huko London, L. H. Gray na wenzake walieleza kwamba seli iliyokosa oksijeni huhitaji kipimo cha mionzi kinachokaribia mara tatu ya seli yenye oksijeni ili ife. Oksijeni ndiyo inayoyafanya majeraha ya DNA yakazike yasitengenezeke kwa urahisi. Uvimbe mkubwa mara nyingi katikati yake hauna mishipa ya damu ya kutosha. Hapo huamka protini nyingine ya kupeleka habari, iitwayo HIF, ambayo huifundisha seli kuishi kwa dhiki na kuita mishipa mipya. Wanasayansi watatu waliofichua namna seli zinavyoihisi oksijeni walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi huwa ametokwa na damu kwa miezi. Damu ikipungua, oksijeni inayofika kwenye uvimbe hupungua nayo, na imeonekana kwamba wanawake wenye upungufu wa damu wakati wa matibabu hupata matokeo hafifu zaidi. Kwa hiyo daktari anapotaka damu ipimwe kila juma, au anapoagiza mgonjwa aongezewe, msidhani ni kupoteza muda. Na jamaa anayetoa damu ameshiriki katika tiba.

La pili ni moshi. Anayeendelea kuvuta sigara wakati wa mionzi huipunguza oksijeni ya damu yake, na imethibitika kwa wagonjwa wa kichwa na shingo kwamba tiba huwafaa kidogo kuliko walioacha. Wanaotafuna tumbaku katika tambuu nao waiache, kwa kuwa ndiyo iliyomleta wengi wao hospitalini.

DAWA ZA KUNYAMAZISHA UJUMBE

Msomaji atauliza: ikiwa wajumbe wanajulikana, kwa nini wasinyamazishwe?

Wanajaribiwa. Mwaka 2006 ilitangazwa habari ya wagonjwa 424 wenye saratani ya kichwa na shingo. Nusu yao walipewa mionzi peke yake, na nusu wakapewa mionzi pamoja na dawa iitwayo setuksimabu, ambayo huziba mlango wa EGFR. Muda wa katikati wa kuishi ulipanda kutoka miezi 29 hadi miezi 49. Watu walifurahi, nao walikuwa na haki. Lakini dawa hiyo hiyo ilipojaribiwa katika saratani ya umio haikuongeza faida, na katika saratani ya koo itokanayo na HPV ilishindwa na dawa ya zamani iitwayo sisplatini. Seli ina milango mingi. Ukifungwa mmoja, ujumbe hupita kwingine.

Sisplatini si dawa ya anasa. Hujishikiza kwenye DNA na kuwazuia mafundi wa ukarabati wasimalize kazi yao. Mapema mwaka 1999 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwatangazia madaktari kwamba majaribio matano yameonyesha kuwa kuitoa pamoja na mionzi hupunguza hatari ya kufa kwa saratani ya mlango wa kizazi kwa asilimia 30 hadi 50. Hii ndiyo sindano ya kila juma ambayo akina mama wengi huichukia kwa sababu ya kichefuchefu. Mwambieni mgonjwa wenu ina maana gani, na mwombeni daktari dawa ya kutuliza kichefuchefu, lakini msimwache aikimbie. Figo huangaliwa kwa vipimo vya damu, na maji ya kutosha ni sehemu ya tiba.

Hapa pana tahadhari. Nyumba zetu hazikosi habasoda, asali, mafuta na vidonge vya vitamini, na mapenzi hutufanya tumpe mgonjwa vyote kwa pamoja. Huko Quebec, Kanada, wagonjwa 540 wa kichwa na shingo waligawanywa. Wengine wakapewa vidonge vyenye vitamini E wakati wa mionzi, wengine vidonge visivyo na kitu. Waliopewa vitamini walipungukiwa na madhara ya mionzi, lakini katika miaka iliyofuata walikufa wengi zaidi. Kinachoikinga seli njema na mionzi chaweza kuikinga na seli ya uvimbe. Chakula cha kawaida, kunde, mchicha, samaki, maini na matunda, hakina tatizo. Ila chochote kilichokolezwa katika chupa au kidonge, kiwe cha dukani au cha mitishamba, mwonyesheni daktari kabla ya kukitumia.

KOSA NI LA NANI?

Sasa turudi kwa dada yetu wa Mraru, na swali lake la pili.

Ndugu yetu, wifi yako hakulogwa, wala si mzembe. Uvimbe wake na wa dada yako haukuwa mmoja, hata kama jina lilikuwa moja. Hakuna aliye na haki ya kusema kwamba siku zile ndizo zilizomrudishia maradhi, kwa kuwa wapo waliokamilisha kila siku na uvimbe ukarudi, na wapo waliokosa siku na wakapona. Haya ndiyo ya kumwambia binti. Mwambie pia kwamba uvimbe uliorudi haufungi mlango wa matunzo: maumivu yana dawa, damu inayotoka huweza kuzuiwa, na mara nyingine iko tiba nyingine ya kuzungumza na daktari.

Lakini lipo linalotuhusu sisi tuliobaki. Protini za uvimbe haziko mikononi mwetu. Ratiba iko.

Mjane aliye katika eda anapokuwa mgonjwa wa saratani, aulizwe mwanachuoni siku ile ile ya msiba, si baada ya majuma mawili. Haja ya tiba ni udhuru unaojulikana na wanavyuoni wetu, na jamaa wa kike wawili wanaweza kumsindikiza kwa stara yake. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na asijihisi mnyonge kwa kuitumia. Harusi na safari za Idi zinaweza kumngoja mgonjwa. Majuma manane hayamngoji mtu.

Siku ikipotea, kwa sababu yoyote ile, msinyamaze. Waulizeni wahudumu wa mionzi: siku hii italipwaje? Ziko njia. Mgonjwa huweza kutibiwa Jumamosi, au kupewa vipande viwili katika siku moja kwa kuachana saa sita au zaidi. Hufanyika pale jamaa wanapouliza mapema.

Kisha kuna nauli. Hospitali Kuu ya Pwani iliyoko Mombasa ina kituo cha saratani, na hilo ni jambo la kushukuru, kwani zamani wagonjwa wa Taita Taveta walitegemea Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Hata hivyo Voi na Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 150, na hakuna mgonjwa anayeweza kwenda na kurudi kila siku kwa majuma matano. Anahitaji mahali pa kulala mjini, mtu wa kumpikia, na mtu wa kuwatunza watoto aliowaacha.

Wenyeji wa Mraru hawahitaji kufundishwa namna ya kulitatua jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akina mama wa kijiji hicho walichoka kuyaona mabasi ya kwenda Voi yakiwapita yamejaa, huku mazao yao yakiwangoja kuuzwa sokoni. Hawakuwa matajiri. Walichanga shilingi kwa shilingi katika chama chao, na mwaka 1975 wakawa na basi lao wenyewe. Habari yao ilichapishwa hata New York, ikasomwa na akina mama wa nchi nyingi kuwa ni mfano wa kuigwa. Kundi lililoweza kununua basi zima haliwezi kushindwa kugharamia kitanda kimoja Mombasa kwa majuma manane.

Tunapendekeza hivi: kila chama cha akina mama, kila darasa la madrasa na kila kamati ya msikiti iwe na fungu dogo la “siku za mionzi”. Mgonjwa akipangiwa tarehe ya kuanza, kalenda yake ibandikwe ukutani, na kila juma liwe na jina la atakayemsindikiza na jina la atakayebaki na watoto. Nauli itolewe kabla ya juma kuanza, isingoje mgonjwa aombe. Mtu anayetapika na kutokwa na damu hana nguvu ya kuomba.

Na binti aliyeuliza naye ana lake. Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019, na uzinduzi wake ulifanywa hapa hapa Mombasa. Mwaka 2020 peke yake ilikadiriwa kwamba wanawake 5,236 wa Kenya walipatwa na saratani ya mlango wa kizazi na 3,211 wakafariki. Aliye katika umri wa chanjo achanjwe, na aliyeolewa aende kliniki achunguzwe, kwa kuwa saratani hii huchukua miaka mingi kabla ya kukomaa, na ikikutwa mapema haifiki kwenye mashine ya mionzi kabisa.

Juma lijalo, Inshaallah, tutaeleza uchunguzi huo hufanywaje, huchukua muda gani, na kwa nini hauna haja ya kuonewa haya. Mwenye swali atuandikie, majina hatuyatangazi. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na awape nguvu wanaowauguza. Amin.